Juu ya Historia za Shule na Wakimbiaji Wake

Ndugu msomaji, yamkini shuleni kwenu kuna kijitabu, au walau kurasa mbili tatu katika gazeti la shule, zilizopewa jina la Historia ya Shule Yetu. Kama zipo, zitwae uzisome kabla hujaendelea na insha hii. Utaona ya kuwa zinaanza na mwaka wa kuanzishwa kwa shule, hufuata majina ya wakuu wa shule, mmoja baada ya mwenzake, kama nasaba ya masultani, kisha majengo, kisha matokeo ya mitihani, na mwisho kabisa, katika aya moja nyembamba, michezo. Aya hiyo husema kwamba shule imefanya vizuri katika riadha na kwamba vikombe vingi vimepatikana. Basi. Anayeisoma hupata kujua kwamba vikombe vipo, lakini hapati kujua ni nani aliyekimbia, alikimbia wapi, wala alitumia muda gani.

Nataka tuihakiki aya hiyo pamoja, maana kwa maoni yangu ndiyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo iliyostahili kuwa na nguvu kuliko zote.

Kosa lake la kwanza ni la lugha. Neno vizuri halina kipimo. Mwalimu wa fasihi aweza kusema kwamba shairi fulani ni zuri, na wanafunzi wakabishana naye mpaka kengele ya jioni. Lakini mkimbiaji wa meta 800 hana nafasi ya ubishi wa namna hiyo, kwa sababu saa imekwisha kusema. Hakuna kazi ya shule inayopimwa kwa uwazi kuliko riadha. Mkuki ukianguka, utepe hunyoshwa kutoka mstari wa kurushia mpaka ulipoanguka, na kila aliye uwanjani huiona hesabu. Mwandishi aliyepewa mali kama hii, kisha akaitupa na kushika neno vizuri, ni sawa na mwenye duka anayeulizwa bei ya sukari akajibu kwamba bei ni njema.

Kosa la pili ni zito zaidi, nalo ni la fikira. Mwandishi hutoa sababu ambazo hakuzitafuta. Akifika kwa wakimbiaji husema kwamba walikuwa na vipaji, au kwamba kukimbia kumo katika damu yao, kisha huweka kalamu chini kana kwamba ameeleza jambo. Ili tuone udhaifu wa maelezo haya, twende mahali ambapo hayafai hata kidogo. Twende Kangundo.

Mji wa Kangundo umo katika vilima vya kaskazini mwa Machakos, jirani na soko la Tala, na barabara itokayo Nairobi kuelekea huko huitwa kwa jina lake. Kwa watu wengi jina la Kangundo hufuatana na jina la Paul Ngei, aliyezaliwa mwaka 1923, akawa mmoja wa watu sita walioshtakiwa Kapenguria mwaka 1952, Jomo Kenyatta akiwa miongoni mwao. Ngei alipotaka elimu ya sekondari alikwenda mbali na kwao, katika Alliance High School iliyofunguliwa mwaka 1926 huko Kikuyu, na baadaye Makerere. Si kwamba Ukambani haikuwa na shule. Wamisionari wa Africa Inland Mission walikuwa wameingia nchi hiyo tangu mwaka 1895, wakianzia Nzaui. Serikali ya kikoloni ilikuwa na shule yake Machakos tangu mwaka 1915. Na Wakatoliki walianzisha ya kwao Kabaa katika mwaka 1925, ambako Tom Mboya alisoma alipokuwa mtoto. Shule zilikuwapo, ila mlango wa sekondari ulikuwa mwembamba mno, na mtoto wa Kangundo aliyefaulu kuupenya aliviacha vilima vyao nyuma yake.

Michezo ya kizungu iliingia kwa mlango huo huo. Wamisionari na maofisa wa serikali hawakuileta ili kutafuta mabingwa. Waliileta kwa ajili ya nidhamu. Kipenga kikilia, simama. Mstari huu, usiuvuke. Ukishindwa, mpe mwenzako mkono. Carey Francis, aliyeiongoza Alliance tangu mwaka 1940 hata 1962, aliuhesabu uwanja wa michezo kuwa sehemu ya malezi kama darasa lilivyo. Historia nyingi za shule hupita mahali hapa kimya kimya, na mimi naona ni hasara, kwani hapa pana jambo la ajabu la kufikiriwa: mchezo ulioletwa kuwafundisha watu utii ndio uliokuja kuwapa Wakenya sauti mbele ya dunia. Mwaka 1956 Kenya ilipeleka watu wake katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko Melbourne, ikiwa bado koloni. Miaka minane tu baadaye, mjini Tokyo, Wilson Kiprugut alipata nishani ya shaba katika meta 800, na nchi ilikuwa imekwisha kujitawala.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 mlango ule mwembamba ulibomolewa na wananchi wenyewe. Zilikuja shule za Harambee. Ukambani ilikuwa tayari na desturi ya mwethya, yaani kazi ya ujima ya majirani, na kwa desturi hiyo mawe yalibebwa, matofali yalifyatuliwa, na fedha zikachangwa mpaka madarasa yakasimama. Nyingi za shule hizo serikali ilizichukua baadaye zikawa shule za umma. Haya utayakuta katika historia za shule, na huandikwa kwa fahari inayostahili. Lakini utayakuta kwa habari za madarasa na mabweni peke yake. Ni mara chache sana kumkuta mwandishi aliyejiuliza: je, uwanja nao ulipatikanaje?

Hebu tupige hesabu. Uwanja kamili wa mbio, wenye mzunguko wa meta 400 na njia nane, wahitaji ardhi tambarare ya kiasi cha meta 177 kwa meta 93. Hiyo ni ekari nne na ushei. Sasa fikiri juu ya ardhi ya Kangundo. Ni nchi ya miteremko, na wenyeji wake wamejulikana duniani kwa matuta waliyoyachimba kwa majembe yao ili udongo usichukuliwe na mvua. Ardhi iliyo sawa ni ya thamani, maana ndiko mahindi na maharagwe hustawi, na kwenye kilima hata kahawa hudai tuta lake. Kumwambia mzazi wa hapo, ambaye huenda shamba lake lote halifikii ekari nne, kwamba shule itatenga ekari nne ili watoto wazunguke mbio na kurudi pale pale walipoanzia, si jambo jepesi. Wazazi wakikubali, wamefanya uamuzi mkubwa kuliko ule wa kujenga darasa. Wakikataa, hawafai kulaumiwa.

Ndipo unapopata, katika nchi zote za vilima, viwanja vya shule vyenye mzunguko wa meta 300, au 250, au vyenye upande mmoja ulioinuka hata mkimbiaji akafanya nusu ya duru kupanda na nusu kushuka. Mwandishi wa historia ya shule asipotaja urefu wa mzunguko, hesabu zake zote hazina maana. Kijana aliyekimbia meta 1,500 katika duru tano za mteremko, miguu mitupu, na kijana aliyekimbia umbali huo katika uwanja wa Nyayo, Nairobi, hawakukimbia mbio moja, hata kama kabati limeviweka vikombe vyao bega kwa bega. Uwanja ni sentensi ya kwanza ya historia ya riadha, nayo karibu wote wameiruka.

Sasa tuje kwa wakimbiaji wenyewe, maana hapa ndipo maneno ya damu huanza kutiririka.

Kila mtoto wa Kenya amesikia maelezo ya kwa nini Wakenya hukimbia. Husemwa kwamba ni kwa sababu ya kuishi juu sana milimani, ambako hewa ni nyepesi. Kwa sababu ya maziwa. Kwa sababu ya kukimbia kwenda shule. Kwa sababu ya mababu waliofuata ng'ombe usiku kucha. Maelezo haya yote yalitungwa kwa kuwatazama watu wa Bonde la Ufa, na kwa haki kabisa, maana mabingwa wengi wametoka huko, na mimi sina nia ya kuwapunguzia heshima yao hata chembe. Hewa nyepesi nayo yasaidia. Wataalamu wamelipima jambo hilo. Lakini mtoto wa Kangundo akiyasikia maelezo hayo, hujifunza kitu kimoja tu: kwamba yeye hamo. Iten iko kiasi cha meta 2,400 juu ya usawa wa bahari; mji wa Machakos uko kiasi cha meta 1,600. Kwa kipimo hicho, Ukambani ni nchi ya chini, nchi ya watazamaji.

Hebu basi tuitazame hiyo nchi ya watazamaji. Mwaka 1992, mashindano ya kwanza ya dunia ya nusu marathoni yalipofanyika Newcastle, Uingereza, mshindi alikuwa Benson Masya wa Kitui, mtu aliyekuwa mwanamasumbwi kabla hajawa mkimbiaji. Mwaka uliofuata Cosmas Ndeti wa Machakos alishinda marathoni ya Boston, akaishinda tena mwaka 1994 na mwaka 1995. Ile ya mwaka 1994 aliimaliza kwa saa 2, dakika 7 na sekunde 15, muda ambao haujapata kuonekana Boston kabla yake. Jimmy Muindi alishinda marathoni ya Honolulu mara sita, ya kwanza mwaka 1999 na ya mwisho mwaka 2007. Patrick Ivuti alikuwa wa nne katika meta 10,000 za Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, na mwaka 2007, siku ya joto kali mjini Chicago, alimshinda Jaouad Gharib wa Morocco kwa sehemu tano za mia za sekunde moja. Hebu pepesa jicho: umepoteza muda mwingi kuliko huo. Kisha tarehe 25 Septemba 2011, mjini Berlin, Patrick Makau Musyoki, aliyezaliwa Machakos mwaka 1985, alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 38. Alimwacha njiani Haile Gebrselassie wa Ethiopia, ambaye rekodi ya dunia ilikuwa yake, na akaipunguza rekodi hiyo kwa sekunde 21. Ilidumu miaka miwili, mpaka Wilson Kipsang alipoivunja mwaka 2013 katika mji ule ule.

Mwandishi mvivu akiletewa habari hizi hatashindwa. Atatafuta damu nyingine. Atasema kwamba Wakamba ni watu wa misafara. Kwamba katika karne ya 19 walitembea toka vilima vyao hata Mombasa wakichukua pembe za ndovu. Kwamba Kivoi, mkuu wao mashuhuri, alikuwa na miguu isiyochoka. Akitaka kuongeza chumvi atataja mwaka 1938, ambapo serikali ya kikoloni ilikamata ng'ombe wa Wakamba kwa kisingizio cha kupunguza mifugo, na maelfu ya watu, wake kwa waume na watoto, wakaenda kwa miguu mpaka Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakapiga kambi Kariokor kwa majuma kadha wakitaka kumwona gavana. Habari hizi ni za kweli, na ile ya mwaka 1938 yastahili kukaririwa katika kila darasa la historia. Lakini zikitolewa kuwa sababu ya Ndeti kushinda Boston, zinaharibika. Kivoi alikufa mwaka 1851. Kutoka hapo hata mwaka 1993 ni miaka 142. Miguu hiyo isiyochoka ilikuwa wapi muda wote huo? Na wale waliokwenda Nairobi mwaka 1938 hawakwenda kwa mapenzi ya kutembea. Walikwenda kudai ng'ombe wao.

Unaona, msomaji, hila ya maelezo ya aina hii: yanaweza kutengenezwa kwa kabila lolote baada ya mshindi kupatikana, na hayawezi kumtabiri hata mmoja kabla. Wangeshinda watu wa pwani, tungeambiwa ni kwa sababu ya samaki na kutembea mchangani. Na kwa kweli Douglas Wakiihuri, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 1987, alizaliwa Mombasa, kando ya bahari, akaenda kufundishwa mbio Ujapani.

Iko njia nyingine ya kuzisoma habari zile zile, nayo ni kuziweka tarehe kando ya umri. Ndeti aliposhinda Boston mara ya kwanza, Makau alikuwa na miaka 8. Muindi aliposhinda Honolulu mara ya kwanza, Makau alikuwa na miaka 14. Ivuti alipokuwa wa nne Sydney, alikuwa na miaka 15, umri wa mwanafunzi wa sekondari. Hapa hapahitaji damu. Kijana anayemwona mtu wa kwao, mwenye lugha yake, akirudi kutoka Marekani na kununua shamba au kujenga nyumba ya mawe, hana haja ya kuelezwa maana ya mazoezi ya alfajiri. Mnyororo huo hauanzi mbinguni. Una pete za kwanza, na pete hizo zilifuliwa katika mashindano madogo yasiyoandikwa na gazeti lolote: bweni kwa bweni, shule kwa shule, tarafa, wilaya, mkoa, mpaka taifa. Ngazi hiyo ya michezo ya shule ndiyo iliyompa kijana maskini nafasi ya kupimwa na wenzake bila kulipa nauli ya kwenda mbali.

Na kule Iten kwenyewe, ukiisoma historia vizuri, utaona kwamba mlima haukukimbia peke yake. St. Patrick's High School ilianzishwa mwaka 1961. Mwaka 1976 alifika hapo Colm O'Connell, bradha kutoka Ireland, aliyekuja kufundisha jiografia na ambaye hakuwa na elimu ya riadha. Aliikuta timu mikononi mwa mwalimu mwenzake, Peter Foster, akajifunza kwake na kwa wanafunzi wenyewe. Mwaka 1988 mwanafunzi wake wa zamani, Peter Rono, alishinda meta 1,500 katika Olimpiki ya Seoul. Hiyo ni miaka 12 tangu mwalimu alipofika. Mlima ulikuwapo miaka milioni kabla ya hapo. Kilichoongezeka ni mtu aliyekaa mahali pamoja muda mrefu, akiwatazama watoto wakikimbia, na kuandika alichokiona. Shule ngapi zimempata mwalimu wa michezo mwenye moyo, kisha akahamishwa baada ya mihula mitatu? Historia za shule huorodhesha wakuu wote, hata aliyekaa mwaka mmoja. Mwalimu wa michezo hatajwi.

Wasichana nao hawatajwi sana, na hapa mwandishi wa shule ana udhuru kidogo, maana dunia nzima ilikosea. Hata mwaka 1968 mbio ndefu kuliko zote kwa wanawake katika Olimpiki zilikuwa meta 800. Marathoni yao haikuwekwa mpaka mwaka 1984. Ndiyo maana nishani ya kwanza ya mwanamke wa Kenya, fedha ya Pauline Konga katika meta 5,000, ilipatikana mwaka 1996, miaka 32 baada ya ile ya Kiprugut. Lakini udhuru huo una mwisho wake. Shule yenye wasichana ambayo aya yake ya riadha ina majina ya wavulana watupu imeandika nusu ya habari na kuiita nzima.

Liko pingamizi moja ambalo lazima tulikabili. Wazazi wengi, na walimu pia, husema kwamba shule ni mahali pa masomo, na kwamba ubao wa heshima wafaa kubeba majina ya waliopata alama za juu. Mbio za sakafuni, watakumbusha, huishia ukingoni. Siwezi kuwacheka, maana kwa kila Makau mmoja wapo maelfu waliokimbia wakarudi nyumbani bila cheti wala kikombe. Mtaala mpya wa Kenya umeifanya michezo, pamoja na sanaa, kuwa mkondo mmojawapo wa masomo katika shule za sekondari za juu, na pengine utapunguza ugomvi huu. Mimi nasema tu kwamba hao maelfu ndio hasa wanaohitaji historia iliyo sahihi. Kijana anayeambiwa kwamba kushinda kumo katika damu, akishindwa, atahukumu damu yake. Kijana anayeonyeshwa kwamba uwanja wao ulikuwa wa meta 250, kwamba mwalimu alihamishwa, kwamba ngazi ilikatika wilayani kwa kukosa nauli, atajua la kudai kwa ajili ya mdogo wake.

Basi ikiwa zamu ya kuandika aya ile itakuangukia wewe, usianze na kabati la kioo. Vikombe vingi vimechongwa jina la mashindano na mwaka tu. Jina la aliyekimbia halimo. Anza na daftari la mwalimu wa michezo, kama mchwa hawajalimaliza, na unakili muda wa kila mmoja, hata wa aliyefika wa mwisho. Chukua kamba, upime mzunguko wa uwanja. Halafu uliza ni nani aliyekuwa akichora mistari ya chokaa asubuhi ya mashindano, umtafute angali hai. Yeye huwa anakumbuka waliojikwaa na mahali walipojikwaa.